Uso wa Saa ya Tajmoti

Nilitoka Lindi, mtaa wetu wa Kibera, kwa sababu ya uso wa saa, ile sahani nyeupe yenye nambari. Baba alifagia duka la Tajmoti mjini hadi mgongo ukapinda. Siku ya kuachishwa akapewa saa. Mbele imeandikwa Tajmoti, nyuma Kamanda, kwenye boksi Baharia, na mashine ya ndani ni ya Uswisi. Mimi hukusanya saa kuukuu, lakini nyumba ilipoungua zote ziliishia humo. Hii tu, aliyoniachia baba, ilikuwa mkononi mwangu. Tulitoka pamoja: mimi na malengelenge shingoni, yeye kando ya nambari nne.

Jumatatu nilimpelekea Mburu, fundi wa Kawangware, aisafishe. Alinirudishia imefungwa kwa gazeti, na mimi mjinga sikufungua. Kufika nyumbani, uso mwingine! Jina refu la Uswisi linang'aa kama sufuria ya harusi.

Kesho yake, saa moja asubuhi, nikashika njia kwa miguu. Soko la Toi walikuwa wanafungua marobota ya mitumba. Kufika Dagoretti Corner, soli ya kiatu ikaachia. Nikaendelea hivyo hivyo, namtukana Mburu kila hatua.

Saa tatu nikafika kibandani kwake.

"Niaje, Baba Akinyi! Si nimekutoa aibu? Mtu mzima anavaa jina la duka kama karatasi ya unga!"

"Uso wangu uko wapi?"

"Si takataka tu? Nilibadilishana na ya Karanja."

Karanja ni mwenye ploti, zile nyumba za kupanga hapo nyuma. Naye hukusanya saa, zake na za watu. Anajua kuna watu ng'ambo wanaozinunua ghali hizi za majina ya maduka. Nilimburuta Mburu hadi uani, tukamkuta anakunywa chai, uso wa baba ndani ya saa iliyo mkononi mwake.

"Uso huu ni wa Baharia, ndivyo boksi zake huandikwa," akasema. "Yako nyuma ilikuwa Kamanda. Kwani husomi?"

"Ni saa ile ile, landlord, boksi ndiyo ilipewa jina lingine. Na hayo malengelenge hapo kwa nne? Wewe uliungulia wapi, kwa chapati?"

Wapangaji waliokuwa wanafua wakaangua kicheko. Karanja havumilii kuchekwa na wapangaji. Akaivua, akamrushia Mburu.

"Mpe uso wake atoke hapa!"

Mburu alipoubandua nikaona unyama wake. Vile vimiguu viwili vya nyuma vinavyoshika mashine, alivikata ili utoshee saa ya Karanja, kisha akapaka gundi.

"Sasa kwa yangu utashika na nini?"

"Gundi tu, buda."

Fundi gani huyo! Hata anayeshona viatu angeona haya.

Saa saba nilikuwa Lindi. Nimejifunza kufungua gazeti mbele ya fundi, na nyinyi mfungue; wa kujihadhari nao ni Mburu wa kibandani na Karanja wa ploti. Gundi ilikauka vibaya, uso ukakaa upande, nambari kumi na mbili iko karibu na mahali pa moja. Saa ngapi nauliza simu. Hii naivaa tu, imeinama kama baba na ufagio wake, na Tajmoti bado inasomeka.