Bastola Iliyopata Mnunuzi

Bega langu la kulia liliharibika kazini, kwa kuwainua wazee wa watu vitandani. Daktari aliponiambia nisahau kunyoosha mkono kwa muda mrefu, sikuwaza mshahara wala sufuria. Niliwaza bastola yangu.

Najua inavyosikika. Mwanamke Mkenya, mama wa kanisa, mkazi wa Fittja huku Uswidi, ana bastola ndani ya kabati la chuma chumbani kwake. Mwenzangu mmoja wa kwaya alipopata habari aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama nimeingia kwenye magenge. Ilikuwa bastola ya kulenga shabaha, ya risasi ndogo, yenye kibali cha polisi. Na kwa miaka tisa klabu yetu ya shabaha ilikuwa mahali pekee Stockholm ambapo hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliuliza tu nimepata pointi ngapi.

Basi nikaamua kuiuza, na mnunuzi akajitokeza siku hiyo hiyo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, ambaye nilimleta klabuni mwenyewe. Mama yake, Mrundi Mwislamu anayekaa Hjulsta, alikuwa rafiki yangu tangu tuliposoma Kiswidi darasa moja, yeye akiwa na tumbo kubwa na mimi nikimbebea mkoba. Mtoto aliyetoka kwenye tumbo hilo ndiye huyu. Sasa alikuwa amehamia Jordbro, karibu na ghala analofanyia kazi, kwenye chumba chake mwenyewe, na alikuwa ameshafunga kabati la chuma ukutani kabla hajapata cha kuweka ndani. Analenga vizuri kuliko mimi. Nasema hivyo bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu.

"Anti, niuzie mimi," alisema. "Nimeshaizoea. Na mashindano ni mwezi wa tano."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa haraka, na hapo ndipo kosa lilipoanza.

Huku bastola haiuzwi kama baiskeli. Mnunuzi anaomba kibali cha bastola ile ile moja, yenye namba ile ile, na klabu inaandika barua kwamba huyu ni mwanachama wa kweli, makini, wa kuaminika. Katibu wa klabu nilikuwa mimi. Barua ile niliiandika kwa mkono wangu, na kila neno nililimaanisha.

Kisha tukangoja miezi. Kila nikifungua redio asubuhi, kuna kijana amepigwa risasi mtaa fulani, na mitaa yenyewe ndiyo hii yetu. Nikaanza kuingiwa na baridi. Si kwamba nilimshuku yule binti. Nilijiambia hivyo kila siku, na mtu asiyeshuku hana haja ya kujiambia kila siku.

Kibali cha polisi kilipofika, binti akanitumia picha ya barua na mioyo mitatu. Akauliza, nije Jumamosi? Nikamjibu njoo Jumapili. Jumamosi nilikuwa na safari.

Nilipanda treni ya mstari mwekundu hadi katikati ya mji, nikabadilisha, nikaenda na mstari wa bluu mpaka mwisho wake, Hjulsta. Njia nzima nilijisifu kwa adabu yangu. Kwetu hata masikio ya mtoto wa mtu huwezi kuyatoboa bila mama yake kujua, sembuse kumuuzia bastola! Kwamba mtoto mwenyewe ana kazi, ana kodi ya nyumba na ana kibali cha serikali, hilo sikulipa nafasi ndani ya treni.

Mama mtu nilimkuta anachambua maharage. Nikakaa, nikasalimia, nikauliza hali ya miguu yake, kisha nikatoa habari kama mtu anayeleta posa.

"Dada, ile bastola yangu nimeamua kumuuzia binti yetu. Nimeona si vizuri usisikie kutoka kwangu."

Mkono wake ukasimama ndani ya maharage.

"Bastola gani?"

Miaka mitatu! Miaka mitatu yule msichana alikuwa anamwambia mama yake kwamba Jumanne, siku yetu ya klabu, anakwenda kuogelea. Mimi sikujua. Nilidhani nimekuja kuomba ruhusa, kumbe nimekuja kuchongea.

"Miye huyu mtoto nilimubeba kwa tumbo nikikimbia hiyo kitu," alisema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Hiyo hiyo. Na wewe ndiye umemushikisha? Wewe mwenye naita dada?"

Nikaanza kueleza shabaha, kibali, klabu. Hakunisikiliza. Alichukua simu akampigia binti na kuiweka mezani ili sote tusikie. Mama alisema Kiswahili, binti akajibu Kiswidi, kama kawaida yao. "Mamma, det är sport," alirudia mara tatu, kwamba huo ni mchezo tu. Mama akasema huo ni mchezo wa waliokufa. Mwishowe binti akauliza ni nani aliyemwambia.

"Anti yako amekaa hapa."

Binti akasema na mimi, kwa Kiswahili ambacho huwa hakitumii mpaka abembelezwe.

"Anti, kwa nini?"

Nilikuwa na jibu la adabu tayari, lakini nilichukua mkoba wangu nikaaga.

Jumapili alikuja Fittja saa ile ile tuliyopatana, na kibali chake ndani ya bahasha ya plastiki. Alisimama mlangoni na hakuvua viatu.

"Unauza au huuzi?"

"Patana kwanza na mama yako."

"Sijakuuliza habari za mama. Barua ya klabu uliiandika wewe. Ulidanganya?"

"Hapana."

"Basi?"

Ningemwambia naogopa, angenielewa. Si mjinga, naye anasikiliza redio. Lakini niliendelea na habari za wazazi na heshima, nikahubiri pale mlangoni kama mchungaji aliyesahau mahubiri yake, mpaka akageuka na kushuka ngazi. Kabati la chuma lilikuwa nyuma yangu chumbani, limefungwa, na ufunguo nilikuwa nao mfukoni.

Nimekasirika sana tangu siku ile. Kwanza niliwakasirikia polisi na miezi yao, nikaikasirikia redio, nikamkasirikia hata binti kwa uongo wake wa kuogelea. Wote hao wameisha, nimebaki mimi. Sikwenda Hjulsta kwa ajili ya heshima. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunisemea hapana, kwa sababu hapana ilikuwa yangu na nilikuwa naona aibu kuitamka. Yule mama angenikubalia, nadhani ningekwenda kumuuliza imamu wao.

Kibali kile kilikuwa cha bastola yangu peke yake, kwa hiyo hakikumfaa kwa nyingine. Mashindano yalipita bila yeye. Klabuni hakurudi. Mama yake hapokei simu zangu, ingawa nasikia wao wawili wanazungumza tena.

Kibali changu nacho kilipomalizika, niliibeba bastola kwenye sanduku lake hadi polisi, ikaharibiwe. Mwanamke wa pale aliifungua, akaigeuzageuza, akaona ilivyotunzwa. Akasema ni hasara kitu kizuri namna hii kuyeyushwa. Je, sikupata mtu wa kuinunua?

Nikamwambia sikupata. Akaandika hivyo hivyo, maana hakuwa na sababu ya kutoniamini.