Mbuzi tuliyewachinjia wafadhili, nami nikakosa form one

Wakuu, ejok. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana huku Turkana, yaani nzuri tu.

Mimi husoma nyuzi zenu kimya kimya. Leo nimejikaza niandike. Naandika polepole kwa simu ya kubonyeza, na shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Kwetu ni Kakuma, nje ya kambi ya wakimbizi. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama huchoma makaa na kuwauzia akina mama wa Sudan Kusini walio kambini. Makaa hayo ndiyo yaliyonifikisha mtihani wa darasa la nane, KCPE, mwaka 2012.

Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimepita vizuri. Niliitwa shule ya bweni ya wasichana mjini Lodwar. Karo ndiyo haikuwepo.

Mwalimu mkuu akapeleka jina langu kwa watu fulani wanaosomesha watoto wa familia maskini. Akaniambia, "Watakuja kwenu waone mnavyoishi. Wakiridhika, unaenda."

Hapo nieleze kidogo kwa wasiotujua.

Kwetu mgeni akiondoka bila kula nyama, aibu inabaki kwako, na itafika sokoni kabla yako. Tena mgeni hapokelewi kwa shida. Kwanza ale, apumzike. Shida zina siku yake.

Mbuzi wetu wenyewe alikuwa mmoja, wa maziwa. Wengine wote zizini walikuwa wa mjomba, aliyetuachia tuwachunge alipoenda Lokori.

Mama akamchinja yule wetu. Akajipaka mafuta, akaongeza shanga za shangazi juu ya zake mpaka shingo haikuonekana.

Wakaja wawili, madam kutoka Nairobi na kijana Mturkana wa Lodwar wa kumtafsiria. Kijana alipoona moshi akacheka.

"Mama, leo unaoza binti?"

"Nyamaza ukae ule," mama akamjibu. "Watu wa mjini mmekonda kama fimbo, halafu mnasema mna kazi."

Hata madam alicheka alipotafsiriwa. Kisha akauliza hali ya nyumbani ikoje.

"Ejok nooi," mama akasema. Nzuri kabisa.

"Chakula mnapata?"

"Kwani hiki mnachokula ni nini?"

"Na hawa mbuzi ni wenu?"

"Ni wetu."

Msimwite mama mwongo. Mbuzi wa ndugu yako akiwa zizini mwako, mbele ya mgeni ni wako. Kusema si wako ni kama kumkana ndugu.

Mimi nilikuwa nagawa nyama. Nina haya sana, hata mwalimu alikuwa akilalamika. Lakini nilimwinamia yule kijana nikamwambia, "Mwambie hao mbuzi ni wa mjomba. Wetu ndiye mnayemla."

Akaacha kutafuna. Akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Dada, nikisema hivyo, mama yako ataweka wapi uso wake?"

Mama alikuwa amesikia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Waletee wageni maji wanawe."

Nikaenda kuchota maji. Niliporudi, madam alikuwa amesimama, anamkumbatia mama na kumshukuru kwa ukarimu.

Jina langu halikuitwa. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba wageni waliona kwetu kuna mifugo, kuna chakula, wakaona afadhali msichana mwingine. Huyo msichana namjua. Kwao wageni walipewa chai ya rangi. Naye alistahili, sina kinyongo naye.

Kumkasirikia mama nilijaribu. Nilimwuliza, mbona ulichinja?

Akasema, "Watu wametoka mbali kwa ajili ya mtoto wangu. Ningewakalisha na njaa?"

 

Sasa niko Lodwar, naosha vyombo katika hoteli iliyo karibu na shule ile ile niliyoitwa. Kengele zao nazijua zote, ya kuingia, ya mapumziko, ya chakula. Ikilia ya kuingia, mikono yangu husimama ndani ya maji mpaka tajiri aniite.

Jumamosi baadhi ya wanafunzi huruhusiwa kutoka, wanakuja kula chapati na maharagwe. Wanabishana mambo ya chemistry. Mimi hufuta meza ya jirani hata kama ni safi, ili nisikie.

Juzi mmoja akaniuliza, "We uko form ngapi?" Alidhani niko likizo, nasaidia nyumbani.

Nikamwambia, "Bado sijaingia."

Ningeweza kusema sikuenda, basi ikaisha. Sijui kwa nini nilisema bado. Tangu siku hiyo neno hilo linanifuata.

Nilichojifunza ni hiki. Ninyi mnaosaidia watoto wa watu maskini, Mungu awabariki, lakini nyumba haijulikani kwa ziara moja. Rudini mara ya pili, mama akishawazoea. Waulizeni majirani. Mtoto naye msikilizeni akiwa peke yake. Nyama mliyopewa huenda ndiyo ilikuwa mali yote ya mwenye nyumba.

Wakuu, changieni, hata wa kunikosoa karibu. Ila nina swali moja kwanza. Mwaka unaisha, wenzangu wanaingia form two. Kuna yeyote hapa aliyeanza form one akiwa amechelewa, mkubwa kuliko wenzake? Walimpokea? Aniambie siku ya kwanza alikaa wapi darasani.