Sauti ya Mtu wa Kisiwani

Wiki nzima sikuweza kutulia. Nikitoka kazini, badala ya kukaa nile, nilikuwa nawasha kompyuta na kuitazama tena ile katuni nikiwa nimesimama, sahani mkononi. Ilikuwa katuni fupi ya Kirusi, ya miaka ya mwanzo ya Wasovieti, nyeusi na nyeupe, haina sauti. Ilitokana kwa mbali na ile hadithi ya baharia aliyevunjikiwa na meli akaishi kisiwani, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Ila humu baharia amegeuzwa tajiri mnene mwenye kofia ndefu, anafika kwa watu na kuanza kuwaamrisha.

Aliyenitumia ni dada mmoja Mkenya, muuguzi, anayefundisha watoto wetu Kiswahili kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa huko Stafford, kitongoji cha Houston. Aliwahi kunisikia kwenye sherehe ya ubatizo nikiigiza wale jamaa wa Dar wanaotafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda umiza, vile vya video vya mtaani, akanipigia simu huku kwangu Lewisville, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwake.

"Haina maneno," alisema. "Wewe uta-narrate kwa Kiswahili. Watoto watapenda."

Kilichoninyima raha ni mtu wa kisiwani, yule mwenyeji mweusi anayeamrishwa. Walioichora walikuwa upande wake, hilo linaonekana. Mwishowe ndiye anayemfukuza tajiri. Lakini walimchora midomo kama maandazi, mfupa kwenye nywele, anarukaruka kama nyani. Nilimtafutia sauti jikoni, garini, hata chooni kazini. Kila niliyompa ilikuwa ya kumdhihaki.

Jumamosi niliondoka asubuhi, nikaendesha mpaka Houston bila kuwasha redio. Nilipofika nikamvuta dada pembeni.

"Dada, tuiache. Tuwaonyeshe kitu kingine."

"Watoto wameshakaa. Na si umeona mwisho wake? Anashinda."

"Anashinda akiwa na sura ile."

Akanitazama, kisha akatazama saa. Alikuwa na zamu jioni. "Basi waambie hivyo. Usiniangushe."

Taa zikazimwa. Tajiri akaogelea hadi ufukweni, kofia kichwani, nami nikampa sauti ya puani. Watoto wakacheka. Mtu wa kisiwani akachomoza nyuma ya mnazi, wakacheka zaidi. Mimi nikanyamaza. Binti wa dada, wa miaka tisa hivi, hakucheka. Aligeuka akaniuliza kwa Kiingereza kama yule ndiye sisi.

Nikaisimamisha katuni. Nilijikuta natembea huku na huku mbele ya kitambaa cheupe, kivuli changu kikipita juu ya picha.

"Ndivyo walivyodhani," nikasema. "Aliyemchora, nadhani, hakuwahi kukaa kula na mtu kama babu yako. Alitupenda kwa mbali."

"So anasema nini?"

"Sijui. Wiki nzima nimeshindwa."

Akafikiri. Akaniambia niiwashe. Tajiri aliponyoosha kidole kumtoa mtu wa kisiwani kibandani mwake, mtoto yule, ambaye mama yake humsemesha Kiswahili akajibiwa Kiingereza, alisema taratibu, "Hii nyumba nime-build mwenyewe. Sitaki ku-move. Wewe ndio u-move."

Hakuna aliyecheka. Mwingine akaongeza lake, na mwingine, Kiswahili cha Nairobi, cha Dar, cha Kongo chenye Kifaransa ndani, mpaka nikakaa chini na katuni ikaisha wao wakiisemea. Midomo ilibaki vilevile kama ilivyochorwa.

Dada, akiwa tayari kwenye sare ya kazi, alinifungia chapati. "Mwezi ujao uje na nyingine." Nikamwambia nitaangalia.

Njiani kurudi nilisimama kituo cha mafuta ingawa tanki halikuwa tupu. Nikaandika ujumbe kwamba siji, nikaufuta. Nikaandika kwamba nakuja, lakini katuni nichague mimi, nikautuma. Akajibu papo hapo: "Sawa. Ila binti yangu anasema safari hii ataongea yeye."

Nikaingia garini, nikatoka tena, nikaenda kununua kahawa ambayo sikuwa na haja nayo.