Ng'ombe wa Msiba wa Baba

Mlandege tulikokulia, pale Iringa mjini, kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna ofisi iliyoiandika: anayechinja ni yule ambaye akichinja, mtaa mzima utakula. Kwa hiyo sisi, Walutheri tangu enzi za bibi, hata kuku wetu wa Krismasi alichinjwa na Mwislamu. Nilimpeleka mwenyewe, nimemning'iniza kichwa chini, mpaka kwa jirani yetu mwenye bucha, ambaye babu zake walitoka pwani na yeye mwenyewe alikijua Kihehe kuliko mimi.

Alikuwa rafiki wa baba. Kwenye ubatizo, kipaimara na harusi za kwetu alikuja na kisu chake, akachinja, akanawa, akala nasi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Watu husema Iringa ni mji wa watu wagumu kuzoeleka. Mimi naona tabia ya mji huu ilitengenezwa hapo hapo, kwenye kufikiria nani mwingine atakaa kwenye sinia kabla hujawasha moto.

Halafu nikaolewa Mbeya. Huko nako tumechanganyika, Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga na wengine wengi, lakini mimi na wenzangu shughuli zetu tumewaachia wa kukodiwa: ukumbi wa kukodi, wapishi wa kukodi, na MC wa kutuambia lini tucheke. Nani anakula nini ni kazi ya mpishi. Miaka kumi na tano ya maisha hayo ilitosha kuniharibu.

Baba alipofariki nilirudi Iringa, nikakuta majirani wameshafunga turubai na kuleta masufuria na mikeka. Asubuhi ya mazishi mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Mgololo, alishusha ng'ombe kwenye gari pamoja na vijana wawili wa kanisa lake jipya. Shangazi akauliza kama mzee wa bucha ameshaitwa.

"Aitwe wa nini, shangazi? Huu msiba wa kwetu," mdogo wangu alisema. "Tuombe ruhusa kula nyama yetu? Hawa vijana watachinja." Akanigeukia. "Au dada unasemaje?"

Mimi ndiye mkubwa. Neno langu lingetosha. Nikasema, "Chinjeni tu, muda hamna."

Nilikuwa nimechoka, lakini nisijifiche nyuma ya uchovu. Siku zile simu yangu ilijaa maneno ya watu wanaobishana nani ana haki ya kuchinja, na ndani yangu kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi kwamba safari hii hatukumwomba mtu. Naona aibu kukiandika. Kilikuwepo.

Nilipozunguka mbele ya nyumba nikamwona mzee wa bucha. Alikuwa amekaa chini ya turubai tangu alfajiri, kisu kimefungwa kwenye gazeti, akisubiri kuitwa. Ng'ombe alilia mara moja kule uani. Mzee aliinamisha kichwa, akakiingiza kile kisu ndani ya koti, akaendelea kukaa. Sikumwendea.

Mke wake alikuwa jikoni, ndiye mwenye mwiko. Alijua, na wenzake walijua. Wakaipika ile nyama wasiyoweza kuila, saa nne nzima kwenye moshi, na kila ilipobidi kuonja chumvi walimwita shangazi. Chakula kilipopakuliwa wakala wali na maharage, wakasema wameshiba. Nyama ikabaki nusu sufuria. Mimi nilikuwa naona afadhali wangenitukana.

Mzee alitupa udongo kaburini pamoja na wengine, akaenda zake. Mwaka mzima hakukanyaga kwetu. Mama alinieleza kwenye simu kwamba wakikutana sokoni anamjulia hali vizuri tu, anauliza wajukuu, anaaga.

Mwaka ulipotimia tulipanga kuweka msalaba kwenye kaburi, na siku mbili kabla nikaenda kwake mimi mwenyewe na sukari na majani ya chai. Ndiye rafiki pekee wa baba aliyekuwa amebaki hai, na nilitaka arudi kwetu. Nikampa shikamoo, nikamwomba aje atuchinjie.

Alimwomba mke wake atuache kidogo. Mlango ulipofungwa akasogeza kigoda karibu yangu.

"Mwanangu, niambie ukweli tu, sitakasirika. Baba yako ndo aliacha hilo neno? Kwamba mimi nisichinje kwenye msiba wake?"

Kwa muda sikuelewa anachouliza. Kisha nikaelewa.

"Hapana, baba. Hakuacha neno lolote. Ni mimi."

"Sio yeye?"

"Ni mimi. Niliulizwa, nikasema wachinje wao."

Nikasubiri anifukuze. Njia yote kutoka Mbeya nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Yeye akavua kofia, akajifuta macho kwa kiganja, akakaa hivyo akitazama sakafu.

"Mwaka mzima," alisema, "nikienda buchani napita pale makaburini, nageuza uso."