Mjukuu Wangu Anasomea Magari Ujerumani, Huku Nyumbani Kanizika Nikiwa Hai

Admin, jina langu liweke pembeni na kijiji usikitaje. Wa rika langu nawasalimu. Nyie wengine marahaba, maana najua mnasoma tu bila kumwamkia mtu. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, naishi wilaya ya Kilosa, upande huu wa Mikumi. Shule niliishia darasa la nne lakini naandika mwenyewe kwa kidole changu, kwa hiyo atakayeyacheka maandishi yangu akacheke kwao.

Nina mjukuu yuko Ujerumani anasomea uinjinia wa magari, amebakiza mwaka mmoja. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto hajaota hata jino. Nimemlea mimi. Nimelima mpunga yuko mgongoni. Alipokua akawa anashinda kwenye gereji za barabara kuu, chini ya malori, anarudi ana oili mpaka kwenye kope. Namsugua huku namchapa. Alipopata ufadhili wa kwenda huko kanisa zima lilimsindikiza, na mimi nilitembea kifua mbele, siwafichi.

Wiki iliyopita nimekwenda kufyeka majani kwenye kaburi la marehemu mume wangu. Nikamkuta mwanangu wa mwisho, mjomba wa huyo kijana, ana jembe. Pembeni ya baba yake, pale pale ninapowaambia watoto siku zote kwamba ni pangu, kuna kaburi jipya, limepigwa vizuri, lina msalaba.

"Shikamoo mama," akasema, jembe kaliweka nyuma.

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu humu, mama. Ni udongo mtupu."

Nikausoma msalaba. Jina langu la ubatizo, jina la baba yangu, na chini yake kwamba nilifariki mwaka jana. Nikakaa chini, nikakaa juu ya kaburi langu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

Akanieleza. Mwaka jana mjukuu wangu alifeli mtihani wa mambo ya injini, wakampa nafasi ya mwisho kuurudia. Akifeli tena, anarudishwa kwao. Badala ya kusoma akawa anazurura. Siku zilipokaribia akaenda kwa mwalimu wake, mama wa Kizungu mtu mzima, akamlilia kwamba bibi aliyemlea amefariki. Yule mama hakudai hata cheti cha kifo. Naye alilelewa na bibi yake. Akamsogezea mtihani mbele, kijana akasoma, akafaulu. Wenzake walimpikia na kukaa naye matanga. Hapo nikakumbuka, mwaka jana kuna mwezi mzima hakunipigia simu. Mimi huku nafunga na kuomba nikidhani anaumwa, kumbe yuko msibani kwangu.

Sasa huyo mwalimu anakuja naye likizo hii kutazama wanyama hapa Mikumi, na amesema haondoki bila kuweka maua kwenye kaburi la bibi. Ndiyo maana likachimbwa.

Nikampigia kijana, ile ya kuonana sura.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba haitoki kaburini. Kwa nini mimi? Mjomba wako ulimwona hafai kufa?"

"Angekuwa mjomba wasingenihurumia, bibi. Wote kule wanajua wewe ndiye kila kitu kwangu."

"Kwa hiyo kwa kuwa unanipenda ndiyo ukaniua."

Akainama. Halafu akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto, "Bibi, na wewe umri umekwenda. Nilijua mpaka nimalize chuo..."

"Maliza."

"Nilijua mpaka nimalize itakuwa ni kweli tu."

Nyie mnaosoma, mmeshawahi kuambiwa hivyo na mtoto mliyemtafunia ugali mkamlisha? Nikakata simu. Tangu siku hiyo anapiga, naiacha iite. Kwani maiti anapokea simu?

Wanachotaka ni niende Lumuma kwa mdogo wangu mpaka mgeni aondoke. Mwanangu anasema, "Ni siku chache tu mama, ukirudi tunabomoa." Nikamwambia wewe ni mjinga uliyezaliwa nami nikiwa nimechoka. Kaburi likishachimbwa linabomolewa, lakini waliouona ule msalaba utawabomoa? Jirani yangu mfugaji, Msukuma, alipita pale na ng'ombe. Saa hiyo hiyo akaja kwangu na kibuyu cha maziwa analia, "Mama wa watu alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na moyo." Nikatoka jikoni nikamwambia mdomo bado ninao. Alikimbia akaacha kibuyu. Mpaka leo akiniona njiani anahama upande.

Shida yangu ni hii. Nikibaki yule mama akanikuta, mtoto anafukuzwa chuo na mwaka umebaki mmoja. Miaka yote niliyoinama shambani inaishia gereji, chini ya malori. Nikienda Lumuma, nimekubali kwa miguu yangu kwamba nimekufa, na huyo kijana atasimama pale mbele ya watu anililie kwa machozi ya kweli, maana kulia anajua. Na yule mama wa watu, mwenye huruma kuliko damu yangu, atapiga magoti kwenye udongo mtupu.

Wanafika keshokutwa. Begi langu limeshafungwa, kalifunga mwanangu, hata kuniuliza nachukua khanga zipi hakuniuliza.

Mtakaoniambia nisamehe, kaeni kimya, nyie hamjawekewa msalaba. Wenye akili nishaurini. Nipande gari la Lumuma, au nivae gauni langu la kanisani, niweke kigoda pale kaburini, niyapokee maua yangu kwa mkono wangu?