Maziwa Yasiyo na Shahidi

Zamani mgeni akifika Kasongo aliulizwa mama yake ni wa ukoo gani, ndipo akapewa maji ya kunywa. Siku hizi anaulizwa namba ya simu, na maji atajinunulia mwenyewe, yamefungwa kwenye kifuko cha plastiki.

Sidonie hakuwa na la kujibu kwa swali lile la zamani, na kwa hiyo wengine walidhani zama hizi zinamfaa. Hazikumfaa. Nimekaa jirani naye tangu alipoolewa na Fidèle, fundi matofali, hata Fidèle akafa akamwachia binti mmoja, Yvette. Sijapata kuona mtu aliyeumwa na swali hilo kama yeye. Kazi yake ilikuwa kupika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba, na soda kali ya kupikia ilikuwa imemla mikono. Siku ya kuandikishwa kwa kura mashine ilikataa vidole vyake. Alirudi akicheka, akaniambia:

"Papa Déo, hata mashine haijui miye ni mutoto ya nani."

Alilelewa katika nyumba ya watoto ya masista, ambayo leo ni kuta tupu zenye mipera iliyoota ndani. Masista walipokea watoto ambao mama zao walikufa katika kuzaa. Walipokea pia, ingawa halikusemwa, wasichana wenye mimba zisizo na baba, wakazalia humo na kurudi kwao mikono mitupu. Kila mtoto alipewa jina la mtakatifu na chupa. Maziwa ya unga yaliletwa na ndege, chupa zilichemshwa, na mwanamke wa kazi aliyethubutu kumpa mtoto titi alifukuzwa, kwa kuwa titi, walisema, lina magonjwa. Kisha masista wazungu wakaondoka, vita ikaja na kurudi, na karatasi zote za humo zikawashia moto sufuria za askari.

Sisi hatukuwa hivyo. Mtoto aliyefiwa na mama alipelekwa kwa mama mdogo, au kwa mwanamke yeyote mwenye maziwa, na mwanamke huyo aliwaita majirani waone. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili ni zito zaidi: uliyemnyonyesha ni mtoto wako, ni ndugu wa watoto wako wote, na hawaoani kamwe. Sisi Wakristo tumekaa nao ua kwa ua, tukalishika nasi. Ndiyo sababu macho ya watu yalihitajika. Vijana hawayajui haya, wanajua nyimbo.

Aliyemfungulia Sidonie njia ni Cécilia, bibi aliyekuwa mpishi wa masista. Alimwambia kwamba wafuaji wa nguo wa ile nyumba walikuwa wanawake Waislamu wa kutoka Kabambare, na mmoja wao, aitwaye Binti, angali hai huko. Sidonie akafunga vipande vyake vya sabuni viwe zawadi, akamchukua Yvette amsindikize. Yvette alikuwa amemaliza shule na hakutaka kwenda. Alisema barabara ile ni ya kuvunjia mgongo, na kwa hilo alisema kweli.

Mama Binti aliwapokea vizuri, akawapa mkeka na wali. Lakini swali lilipoulizwa alitikisa kichwa.

"Mutoto yangu, miye nilikuwa nafua vitambaa tu. Wenye kuzaa, masista waliwaficha."

Asubuhi yake akakumbuka kwamba palikuwa na mwanamke wa Wamaza aliyekufa katika kuzaa mwaka ule aliozaliwa Sidonie. Kitinda mimba wa Mama Binti, Kamaldine, kijana wa kuendesha pikipiki, akawapakia wote wawili hadi Wamaza. Huko walimkuta mzee mmoja, Théophile, ambaye dada yake kweli alifia kwa masista. Mzee akalia, wake zake wakalia, kuku akachinjwa. Sidonie alikuwa amekwisha kuonyeshwa kaburi la bibi yake, na Yvette ameitwa mjukuu mara nyingi, ndipo bikizee mmoja aliyekuwa akinyonyoa manyoya akauliza pole pole:

"Lakini ile mutoto yetu haikuwa mwanaume?"

Ikawa hivyo, alikuwa mwanaume. Yule kuku wakamla, kwa kuwa alikwisha kufa, wakaagana.

Mtu mwingine angekoma hapo. Sidonie alirudi kwa Mama Binti, akarudi tena msimu uliofuata, na tena, maana kila mara yule mama alikumbuka kidogo. Mara mama yake alikuwa mtu wa Nyangwe, mvuvi alimleta kwa mtumbwi. Mara alikuwa msichana wa shule. Kila mara Kamaldine aliwapeleka wanakotaka, na Yvette, yule wa mgongo kuvunjika, sasa ndiye alikuwa wa kwanza kufunga mzigo. Niliona mapema kilichokuwa kinakuja. Lakini leo mzee akisema ameona jambo, anaambiwa ana wivu, basi nikanyamaza.

Kamaldine alipotaka kumwoa Yvette, Sidonie aliniomba nisimame kama mjomba wa Yvette, kwa kuwa hakuwa na kaka. Tukaenda sisi Kabambare, kwa kuwa Mama Binti hakuiweza barabara ile. Tukala samaki na sombe ya majani ya muhogo uani kwa Mama Binti, tukanawa mikono, nikajiweka sawa niseme maneno ya desturi. Yule mama akanikatiza.

"Hii ndoa haiko."

"Juu ya dini, Mama Binti?"

"Dini gani, baba? Wajukuu wangu nusu wanaenda misa. Juu ya maziwa."

Akaeleza huku anatazama bakuli. Mwaka ule ndege haikuja, mvua ilikuwa imekata njia, unga wa maziwa ukaisha. Watoto walilia hata wakachoka kulia. Yeye mwenyewe alikuwa amezika mtoto wake, na matiti yalikuwa yamejaa yanamuuma. Akawa anamchukua Sidonie nyuma ya kamba za nguo, kati ya mashuka yaliyoanikwa, anamnyonyesha. Alifanya hivyo hata ndege ilipokuja, na baada ya kuja.

"Nani alikuona?" nikamuuliza.

"Nani anione? Wangeniona wangenifukuza."

"Na katika watoto wote wale, juu ya nini ulimuchagua huyu?"

Akalisukuma bakuli mbali naye.

"Alikuwa karibu," akasema.

Sidonie alikuwa ameshika kikombe, hakukiweka chini wala hakunywa. "Basi wewe ni mama yangu."

"Wa maziwa."

"Na ule mwenye kunizaa?"

"Ule simujui."

Kamaldine akasimama, akaenda kwenye pikipiki yake, akaiwasha, akakaa juu yake bila kwenda popote, kisha akaizima. Yvette hakulia. Alimgeukia Mama Binti kwa adabu yote.

"Bibi, hiyo maziwa ilikuwa wapi siku zote tulikuwa tunalala hapa kwako? Ulituonyesha Wamaza, ulituonyesha Nyangwe. Na maziwa ilikuwa hapa nyumbani."

"Niliogopa haya," akajibu yule mama.

Ni jibu, lakini sijui ni jibu la swali gani.

Kasongo nzima ilijua kabla hatujashuka kwenye pikipiki. Wanawake wa soko la mawese walisema ni hila ya mwanamke mwenye akili: hataki mkwe asiye na ukoo, basi amemkataa kwa adabu. Wengine walicheka. Mwanamke azike mtoto mwaka uleule, palepale kwa masista, halafu anyonyeshe mmoja tu kwa kificho? Huyo hakuzika mtu, walisema, huyo alizaa akaona haya, na mpaka leo anaona haya. Mimi mwenyewe nilishika neno la kwanza asubuhi na la pili jioni. Cécilia nilimuuliza, akasema wafuaji walikuwa wengi na wote walivaa kanga kifuani. Zamani lisingekuwapo la kuuliza. Pangekuwa na bibi saba walioona kwa macho yao, na wangekuambia hata ni titi la upande gani.

Kamaldine alikwenda kwa shehe wao. Shehe alisema maziwa bila mashahidi hayamfungi mtu. Lakini kama Sidonie mwenyewe anayakubali, amejifunga mwenyewe, na yeye shehe hatawaoza mjomba na mpwa wake. Kwa hiyo jambo lote likaangukia mikononi mwa Sidonie. Angesema ni uongo, ndoa ipite. Angesema ni kweli, apate mama, na Yvette akose bwana.

Usiku na mchana Yvette alimkalia. Nilimsikia kupitia uani.

"Sema tu ni uongo, mama. Neno moja. Wewe hata huamini."

"Sijui kama siamini."

"Wewe ulitafuta mama, miye sikutafuta kitu, nilikusindikiza tu. Sasa yako imeonekana, yangu imepotea?"

Siku zile sabuni ya Sidonie haikuganda. Alikuwa anakoroga huku anatazama mbali, sufuria nzima ikaharibika, naye hajawahi kuharibu sabuni. Akaja kukaa mlangoni kwangu.

"Papa Déo, nikikataa, nimekataa mama. Nikikubali, nimekataa mutoto. Wewe uko mutu ya vitabu. Kitabu kinasema je?"

Shule nilisoma miaka miwili tu, vingine nimejisomea mwenyewe katika chochote kilichoandikwa nilichookota. Nilimwambia ukweli, kwamba hilo sijalikuta popote.

"Na kama ni hila yake?" nikamuuliza.

"Basi ni hila. Lakini hakuna mutu mwingine amejaribu kuniita mutoto yake. Hata kwa hila."

"Wa Wamaza walikuita."

"Wale waliita mwanaume," akasema, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi akatabasamu.

Alikwenda Kabambare peke yake. Mbele ya shehe na majirani alimwita Binti mama, na Binti akaitika. Yvette alisubiri lori la kwenda Kindu, akapanda na sanduku lake, wala hakuja kuniaga mimi niliyeitwa mjomba wake. Sidonie naye akahamia kwa yule mama, kwa kuwa macho ya Mama Binti yalikuwa yameanza kufifia na wakwe zake walikuwa na kazi zao. Nyumba ya Fidèle sasa ina mpangaji anayeuza vocha na kupiga muziki mpaka usiku.

Mara ya mwisho nilipowaona nilikuwa nimekwenda Kabambare kwenye kilio cha shemeji yangu, nikapitia kwao. Sidonie alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, na Mama Binti amelala kwenye mkeka kando yake. Tukiwa tunaongea Kamaldine akaingia akisukuma pikipiki, ametapakaa vumbi jekundu mpaka nyusi.

"Jambo, dada," akamwambia Sidonie, anatazama tairi.

"Jambo, kaka. Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula, kila mtu aliona. Akachukua kidumu cha mafuta, akatoka.

"Yvette anakuya lini?" Mama Binti akauliza.

"Atakuya, mama."

"Simu yake inalia?"

"Inalia. Haishike."

Nilipoaga, Sidonie alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama alimuuliza tena yule mama.

"Mara mingi. Siku moja anasema ni maziwa tu. Siku ingine anasema nilikuwa na kitovu kibichi, na yeye mwenyewe alinipanguza damu." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwapo. "Mwenye kufua vitambaa anapanguza damu ya mutoto, Papa Déo?"

Nikamwambia sijui. Pengine walikuwa na watu wachache, pengine walimpa kila kazi.

"Pengine," akasema.

Kutoka uani yule mama akaita, hakuita jina, aliita tu. Sidonie akarudi. Nilipogeuka alikuwa ameshakaa chini na ungo mapajani, na Mama Binti alikuwa anampapasa goti, kisha mkono, kisha sikio, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Mvua zilizofuata zilibomoa daraja la njia ile, na mimi sasa siwezi kukaa juu ya pikipiki muda mrefu, kwa hiyo sijawaona tena.