Springi Nyekundu za Mama Sabuni

Mtaa mzima ulimjua kwa gari lake. Lilikuwa kuukuu, refu nyuma, na kila Jumatatu alilijaza madumu ya sabuni ya maji aliyoipika mwenyewe uani, akaisambaza mashuleni na kwenye nyumba za wageni. Mvua ikinyesha, sabuni iliyomwagika ndani ya buti ilitoa povu mpaka barabarani.

"Mama Sabuni, leo gari lako linanyolewa ndevu!" vijana wa stendi walimpigia kelele.

Zamani angewajibu. Siku hizi alipita tu. Mwaka wa pili huu mumewe alikuwa amehamia kwa mwanamke mwenye saluni, baada ya yeye na Mama Sabuni kuishi pamoja tangu wakiwa na godoro moja na sufuria moja. Vyote vilivyoongezeka baadaye viliongezwa na sabuni. Magadi yalimchubua vidole mpaka kucha zikakataa kuota sawa, na gari likatoka humo humo kwenye vidole. Mume alipoondoka akaliacha, watu wakamwambia ashukuru.

Kilichombakia kilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi mchana mumewe alikuja na gari jeupe la yule mwanamke, la aina ile ile kama hili kuukuu, akachukua gunia lake nyuma ya mlango, akalitandika chini na kuingia uvunguni mwa gari na spana zake.

"Siwezi kukuacha uharibikiwe njiani, mama watoto," alisema.

Akimaliza, alikunywa chai kwenye kikombe chake cha bluu, ambacho bado kilining'inia kwenye msumari wake.

"Anarudi huyo," wifi yake alimwambia. "Ameanza na gari, atamalizia kitandani. Wewe fua mashuka."

"Nitolee upuuzi wako, wifi." Lakini mashuka aliyafua.

Gari lenyewe lilizidi kuugua. Nyuma lilikaa kitako kama mtu aliyesusa, na kwenye kila kona tairi lilisugua madigadi, bati lililo juu yake, mpaka harufu ya mpira ulioungua ikaishinda ya sabuni. Mumewe alisema ni mzigo. Mama Sabuni akapunguza madumu, wateja wakachoka kuletewa nusu nusu, wengine wakahamia kwa watu wengine. Tairi likaendelea kusugua, mpaka siku moja likapasuka mbele ya lango la shule. Alimpigia mumewe simu. Haikupokelewa. Haikuwa Jumamosi.

Akabadilisha tairi kwa msaada wa mlinzi, akajikongoja hadi gereji kwa fundi mmoja aliyeitwa Kimya, kwa sababu mdomo wake haukuwahi kupumzika. Kimya alipiga jeki huku akimsimulia habari za mkwewe, akachungulia chini, na kwa mara ya kwanza akanyamaza.

"Mama, nani kakufungia springi hizi?"

"Si wewe? Msimu wa mvua uliopita. Ukaniambia zitabeba hata tembo."

"Zangu zilikuwa mpya, nene. Na kila springi ninayofunga naipaka rangi nyekundu duara la chini, mtu asije akanisingizia takataka. Hebu angalia mwenyewe."

Akainama. Springi zilikuwa nyembamba, zimeliwa na kutu, moja imekatika ncha. Wekundu haukuwepo.

"Basi umeniibia wewe."

"Mimi? Gari hili sijaligusa tangu siku ile. Nani mwingine huingia chini yake?"

Mama Sabuni akahesabu kichwani. Alikuwa mtu mmoja tu, wa Jumamosi.

"Labda amezipeleka kuzitengeneza," akasema.

Kimya akaokota kitambaa, akafuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Labda, mama."

Jumamosi alipika chai kama kawaida. Mumewe akaja, akatandika gunia, akatoweka chini ya gari, ikabaki miguu yenye soksi ambazo Mama Sabuni hakuzinunua. Alilizunguka lile gari jeupe. Lilikuwa limesimama wima, limenyanyua makalio kama lililosifiwa. Akachuchumaa. Duara la chini la springi lilikuwa jekundu, kulia na kushoto.

"Mama watoto, nipe spana kubwa."

Akampa.

"Gari lenu limesimama vizuri nyuma," akasema.

"Eeh. Lile halibebeshwi mizigo."

"Springi zake nyekundu."

Spana ikaacha kuzunguka. Mama Sabuni akangoja. Hata uongo angeupokea, mradi uwe umetungwa kwa huruma kidogo.

"Ungezimaliza na madumu yako hayo," sauti ikatoka chini. "Na yeye mgongo unamuuma kwenye mashimo."

Mama Sabuni akajishika kiuno bila kujua.

"Wangu ni wa chuma," akasema. "Zirudishe."

Alizirudisha. Kazi ilichukua mchana wote. Gari kuukuu lilinyanyuka, jeupe likakaa kitako. Chai ilipoa ndani ya kikombe cha bluu mpaka ikafanya utando. Mwishowe mwanamume alinawa kwa sabuni ya mkewe, akalipiga teke tairi la nyuma na kuchungulia nafasi iliyopo chini ya madigadi.

"Haya," akasema. "Halina tatizo tena hili."

Ndipo Mama Sabuni alipoelewa alichokidai na alichokipoteza: gari lisilo na tatizo halina Jumamosi. Mwanamume alikusanya spana zake, kisha akalikung'uta gunia, lile gunia ambalo siku zote lilirudi nyuma ya mlango, akalikunja na kulitia kwenye gari jeupe. Hakugeuka.

Jumatatu Mama Sabuni alijaza madumu hadi juu, kama enzi zile. Barabarani, kila alipokata kona, alijikuta ametega sikio kusikia tairi likisugua. Gari lilikuwa kimya.